Mstari Nilioukata

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba 2021, mama jirani yangu alinikuta kwenye mashine ya kukoboa mpunga, nikibandika karatasi yangu mlangoni kama ninavyofanya kila wiki. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, lakini hakuongeza "mwanangu" kama siku zote. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanikabidhi.

"Mwalimu," akasema, "karatasi yako hii. Na mpunga wake huu."

Ndani ya mikunjo kulikuwa na kiganja cha mpunga. Punje zilikuwa zimeshikana, zimeingia weusi, na zilinuka kama pombe iliyolala. Karatasi yenyewe ilikuwa ya mwezi Juni. Juu yake, kwa mwandiko wangu, nilikuwa nimeeleza jinsi ya kuhifadhi nafaka katika mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wengi wanaiita mifuko ya kinga njaa. Mama alikuwa ameifuata karatasi. Wakati wa mavuno, wenzake walipouza kwa bei ya chini, yeye aliweka magunia sita akisubiri bei ipande, ili alipe ada ya chuo ya binti yake. Magunia manne yalikuwa kama kile kiganja.

Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe uliwahi kujaribu?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimesoma.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari hapa Kyela. Tangu mwaka 2013, kila Ijumaa usiku naandika ukurasa mmoja kuhusu jambo la teknolojia nililolisoma wiki hiyo, na Jumamosi asubuhi natoa nakala sita kwenye duka la fotokopi mjini. Moja inakwenda mashineni, moja kwenye kijiwe cha bodaboda, moja kwenye ubao wa kanisa, nyingine kwa watu wanaozisubiri. Karatasi ya kwanza ilitokana na ubishi wa kijiweni: vijana walikuwa wakiapa kwamba intaneti inatoka angani kwenye setilaiti. Nikawaeleza kuhusu kebo ya SEACOM, iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 ikiwa imelazwa chini ya bahari, na jinsi picha inayotazamwa Kyela inavyosafiri ndani ya uzi wa kioo, ikiwa mwanga. Walibishana wiki nzima. Jumamosi iliyofuata wakaniuliza, "Leo umeleta nini?" Swali hilo ndilo lililonifunga. Mtu akishakusubiri siku fulani, siku hiyo haiwi yako tena.

Kwa miaka minane nilijivunia jambo moja, kwamba sikukosa. Niliandika nikiwa na malaria. Niliandika usiku wa msiba wa baba. Kila nilipofikiri juu ya kazi hii, niliipima kwa hesabu ya Jumamosi. Sikuwahi kuipima kwa kilichotokea Jumapili, baada ya msomaji kwenda nayo nyumbani.

Baada ya kile kiganja cha mpunga, niliacha. Jumamosi tatu mfululizo sikubandika kitu.

Katika Jumamosi hizo ndipo nilipokwenda kwa bibi, Ipinda, kumsaidia kuhamisha vitu kabla mvua hazijaanza. Kyela ni bonde. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu Mlima Rungwe unafika karibu mita 3,000. Maji yanayonyesha huko juu yanatujia sisi kupitia Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, na sisi wenyewe katika maeneo mengi tunapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana mpunga wetu una jina nchi nzima. Ndiyo maana pia kila familia inajua kwamba sanduku la karatasi haliwekwi chini.

Katika sanduku la babu, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za kodi, kulikuwa na daftari lenye jalada lililoliwa na mende. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno matatu kwa herufi kubwa: MTU NI AFYA. Chini yake, mwaka: 1973.

Jina hilo nililijua kutoka vitabuni. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa takwimu za serikali, kufikia 1977 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi asilimia 27, na kufikia 1986 ikawa chini ya asilimia 10. Lakini kusoma kulikuwa sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine ilipitia redio. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza mwaka 1969 na kampeni ya Kupanga ni Kuchagua, iliyoeleza mpango wa pili wa maendeleo. Mwaka 1971 ikaja Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Kubwa kuliko zote ikawa Mtu ni Afya ya 1973: wiki 12, washiriki wapatao milioni 2 katika nchi iliyokuwa na watu milioni 14 hivi, na viongozi wa vikundi kama 75,000 waliopewa mafunzo kwanza. Babu yangu alikuwa mmoja wa hao 75,000.

Utaratibu ulikuwa mwepesi, na ninapoueleza kwa wanafunzi wangu wanashangaa jinsi unavyofanana na mambo ya leo. Kila wiki kikundi kilikusanyika kuzunguka redio moja. Walisikiliza kipindi cha Redio Tanzania. Kikiisha, kiongozi alifungua kitabu cha kampeni, akasoma sura ya wiki hiyo kwa sauti, kwa sababu wengi hawakuweza kuisoma wenyewe. Wakajadili: malaria, minyoo, kuhara damu, kichocho, kifua kikuu, maji. Kisha waliazimia watafanya nini kabla ya kukutana tena: kufyeka majani, kuchemsha maji, kuchimba choo. Mtafiti Budd Hall, aliyekuwa kwenye taasisi hiyo wakati ule, aliandika baadaye kitabu kizima kuhusu kampeni hiyo. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa nchini katika wiki hizo chache.

Bibi anakumbuka zaidi betri. Redio ilikuwa ya jirani, na betri zikikaribia kuisha waliziweka juani mchana kutwa ili zipate nguvu ya kipindi kimoja. Anakumbuka pia kwamba babu alivaa shati jeupe siku ya kikundi, lile lile la kanisani, na kwamba watu walikuja hata mvua ikinyesha. "Walikuwa wanakuja kukusikiliza redio?" nilimuuliza. Akacheka. "Walikuwa wanakuja kubishana."

Daftari linathibitisha. Kila wiki babu alichora safu nne: tarehe, idadi ya waliofika, kilichosikika, kilichoazimiwa. Wiki ya tatu aliongeza safu ya tano pembeni, kwa mkono, kwa sababu mistari ya daftari ilikuwa imekwisha. Aliiita maswali.

Swali la kwanza katika safu hiyo ni la choo. Kitabu kilielekeza kuchimba shimo la kwenda chini. Babu ameandika kwamba wanaume wawili wa kikundi walichimba, na walipofika kifuani maji yakawakuta. Walihama hatua ishirini, wakachimba tena, maji yakawakuta tena. Akauliza: penye maji karibu, tufanyeje? Wiki iliyofuata swali lile lile limo, limepigiwa mstari. Wiki ya tano limo tena. Vitabu vilikuwa vimechapwa na kusambazwa kabla kampeni haijaanza. Sauti ya redio ilikuja Kyela kila wiki, lakini redio haina sikio.

Wiki ya saba kikundi kilijijibu chenyewe. Walibeba udongo kwa vikapu, wakajenga kichuguu kinachofika kiunoni, wakachimba shimo humo humo ndani ya kichuguu, wakazungushia miti ili kisibomoke, na wakaweka ngazi. Babu amekichora. Ni choo kilichoinuliwa, na mafundi wanaojenga sehemu zenye maji ya karibu wanakitumia hadi leo. Kiligunduliwa Ipinda na wanaume waliochoka kuhama hatua ishirini ishirini.

Nilifungua kurasa za mwisho nikitaka kuona kilikwenda wapi. Hakikwenda popote. Wiki ya 12 babu ameandika waliofika, kilichosikika na kilichoazimiwa, na katika safu ya tano ameandika kwamba vijiji jirani vielezwe habari ya kichuguu. Ukurasa unaofuata ni mweupe. Kampeni ilikuwa imekwisha. Iliyofuata, Chakula ni Uhai, ilikuja mwaka 1975 na habari zake nyingine. Misitu ni Mali ikaja 1980. Wiki ya 13 haikuwepo.

Nilikaa na daftari hilo kibarazani mpaka giza likaingia. Kipindupindu kilienea Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, kikarudi tena na tena, na Kyela imekuwa miongoni mwa wilaya zinazokumbwa nacho mara kwa mara, hasa mito inapofurika na vyoo kufurika nayo. Wilaya hii ina watu waliojua la kufanya tangu 1973. Walilijua katika kikundi kimoja, katika daftari moja, ndani ya sanduku lililowekwa juu ya dari ili lisilowe.

Siwalaumu wa Dar es Salaam. Kwa mtu anayeandika akiwa penye ardhi kavu, kuchimba kwenda chini ni agizo linalojitosheleza. Nisingeweza kuwalaumu hata kama ningetaka, maana mimi nilifanya kosa hilo hilo, tena nikiwa naishi hapa hapa kwenye maji.

Nilirudi nyumbani nikatafuta rasimu ya ile karatasi ya Juni. Huwa nazitunza. Rasimu ilikuwa na mstari ambao nakala haikuwa nao. Nilikuwa nimeandika kwamba mpunga usiwekwe kwenye mfuko mpaka unyevu wake ushuke kufikia asilimia 14 au chini yake, na kwamba asiye na kipimo anaweza kujaribu kwa chumvi na chupa. Kisha ukurasa ukajaa. Nikaukata mstari huo, mahali pake nikaweka maneno mawili: kausha vizuri.

Nilibakiza nini? Nilibakiza historia ya mfuko, kwa sababu niliipenda. Ulianzia kaskazini mwa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walipokuwa wakitafuta namna ya kuwasaidia wakulima wa kunde. Plastiki mbili ndani, mfuko wa kawaida nje. Ukiufunga sawasawa, wadudu waliomo wanamaliza hewa iliyomo na kufa, bila dawa yoyote. Ni kifaa kizuri kweli. Lakini kaskazini mwa Kameruni ni nchi kavu. Kunde za kule zinakauka zenyewe shambani, kwa hiyo ukavu si jambo la kumkumbusha mkulima. Mfuko haukaushi kitu. Unatunza ulichouwekea: ukiweka ukavu unatunza ukavu, ukiweka unyevu unaufungia ndani, punje zinapata joto, zinachacha, zinaota ukungu. Mama jirani alikausha vizuri kwa jinsi alivyojua yeye, siku mbili juu ya turubai, katikati ya manyunyu ya Juni. Neno "vizuri" halikumwambia lolote.

Jumamosi ya tatu ya kimya changu nilipanda basi kwenda Matema. Karibu na hapo, Lyulilo, kuna soko la vyungu linalokutana siku ya Jumamosi. Vyungu ni vya Wakisi, wa upande wa Ikombe chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake wanafinyanga, na vyungu vinaletwa kwa mitumbwi, vimefungwa kwa majani makavu. Nimelijua soko hilo tangu utoto, lakini safari hii sikwenda kununua. Nilikaa nikatazama.

Mnunuzi mmoja alikuja na chungu mkononi. Alikuwa amekinunua wiki iliyopita, na kimepasuka mara ya kwanza alipokiweka motoni. Nilitegemea ugomvi. Mfinyanzi, mama wa makamo, alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa, akauliza kilipashwa moto vipi, kuni gani, maji yaliwekwa kabla au baada. Yule mnunuzi akaeleza. Mama akamwita mwenzake, wakazungumza kwa lugha yao, wakaukata ule ufa kwa kisu kuona udongo wa ndani. Mwishoni akampa kingine, akamwonyesha namna ya kukianza: moto mdogo kwanza, nusu ya maji. Kile kilichopasuka alikiweka kwenye mtumbwi. Alikuwa anakirudisha nyumbani.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya wiki. Nilikuwa nadhani siku saba ni ahadi yangu ya kuleta kitu. Kumbe ni muda ambao mwenzako anajua atakukuta tena, ukiwa umekaa pale pale, akiwa na chungu kilichopasuka. Kampeni ya mwaka 1973 ilijua kuleta, na ilileta vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Ilichokosa ni siku moja ya ziada, ya kukaa na kusubiri kinachorudi. Na mimi nilikuwa nimekaa na siku hizo kwa miaka minane bila kuzitumia.

Jumapili nilikwenda kwa mama jirani nikiwa na chupa tupu na pakiti ya chumvi. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, nikamwambia habari ya mstari nilioukata. Alinisikiliza akiwa anachambua mboga. Kisha akasema, "Basi twende tukaangalie yale mawili."

Tulikaanga chumvi kidogo mpaka ikakauka kabisa, tukaiacha ipoe. Tukaitia katika chupa kavu pamoja na kiganja cha mpunga kutoka gunia la kwanza, tukafunga, tukatikisa kwa dakika moja, tukaiacha dakika kumi na tano. Chumvi ikateremka yote, kioo kikabaki kisafi. Gunia la pili, chumvi ilishika kioo kama ukungu wa asubuhi. Hiyo ina maana unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Tukaumwaga mpunga wote juu ya turubai. Tuliupima tena Jumatatu, tena Jumanne. Jumatano chumvi iliteremka, nasi tukaupa siku moja zaidi ya jua kwa tahadhari. Ule haukuoza.

Nilichangia ada ya binti yake kwa kiasi nilichoweza. Hilo halikurudisha magunia manne, na hakuna kati yetu aliyejifanya kwamba limeyarudisha.

Jumamosi iliyofuata nilibandika karatasi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, niliandika kwamba karatasi ya Juni ilikuwa na kosa, kosa ni langu, na limemgharimu mtu magunia manne ya mpunga. Kisha nikaeleza jaribio la chumvi hatua kwa hatua. Mwalimu mwenzangu aliniambia nimejivunjia heshima, kwamba wazazi watasema mwalimu wa fizikia hajui fizikia. Huenda wako waliosema. Lakini siku hiyo watu wanne walikwenda nyumbani kupima magunia yao, na wawili waliyafungua.

Tangu hapo robo ya chini ya kila karatasi ni tupu. Nimetundika kalamu kwa uzi pembeni. Wiki tatu za kwanza waliandika namba za simu na matusi ya mpira. Kisha yakaanza kurudi. Mvuvi wa Itungi aliuliza kwa nini taa yake ya sola inafifia usiku wa manane wakati usipa ndio wanaanza kusogea. Jibu lilikuwa katika betri, na aliyelijua alikuwa fundi redio aliyeandika chini yake, si mimi. Mkulima wa kakao alinisahihisha kuhusu siku za kuchachusha mbegu. Mtu mmoja aliandika tu: ndaga fijo. Na Mei 2024, kebo za SEACOM na EASSy zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja na intaneti ikazorota nchi nzima, nilifika kijiweni nikakuta kijana wa bodaboda anawaeleza abiria habari ya uzi wa kioo chini ya bahari. Alikosea jambo moja. Mwenzake akamsahihisha kabla yangu.

Choo cha kichuguu kilikuwa kwenye karatasi ya wiki ya pili baada ya kurudi. Niliuiga mchoro wa babu kama ulivyo, ngazi na yote, nikaandika mwaka 1973. Kabla ya kuubandika nilikwenda Ipinda na koleo, mimi na binamu zangu wawili, tukakijenga kimoja nyuma ya nyumba ya bibi. Kilitumaliza siku tatu. Mvua za Machi zilipofurika uwanjani, kilisimama.

Wiki iliyopita kwenye nafasi tupu kulikuwa na swali la mama jirani, limeandikwa na mjukuu wake kwa herufi kubwa za darasa la tatu. Amesikia kuna programu ya simu inayopiga picha jani la mpunga na kutaja ugonjwa wake, na anataka kujua kama inasema kweli. Nimesoma habari zake mara tatu. Chini ya swali nimeandika: nipe Jumamosi mbili, nikajaribu kwanza.